Mtoto wa Tenga

Sokoni Mwanjelwa, mjini Mbeya, upande wanakoshusha nyanya, kuna harufu ambayo mume wangu anaiita uozo na mimi siipi jina. Ni nyanya za chini ya tenga, zile zilizobanwa zikapasuka, zikalowesha nyasi zilizotandikwa, kisha jua la saa sita likazipiga. Watu hupita hapo wameziba pua. Mimi hupita polepole, kwa sababu kuna kipande cha utoto wangu ambacho niliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo harufu ya kwetu. Juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona tukifika hapa unapunguza mwendo?" Nikamjibu miguu inauma. Mtoto ukimpa ukweli kabla hajala, atakusumbua kutwa.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao kwenye milima ya Kilolo, Mhehe wa ukoo wa Kihwele, mrefu, mwenye kuchechemea kwa sababu gogo liliwahi kumwangukia mguuni. Mama alikuwa Msangu wa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, na alipenda kutukumbusha kwamba huko kwao watu hula wali siku yoyote, si mpaka Krismasi. Kwa Wahehe binti huitwa kwa ukoo wa baba yake, wanaanza na Se halafu ukoo unafuata, kwa hiyo mimi nilikuwa Sekihwele kabla sijajua kutembea. Bibi, mama yake baba, alikuwa akiniamkia kila asubuhi kama mtu mzima mwenye ng'ombe wake. "Kamwene, Sekihwele," na mimi namjibu, "Kamwene." Nilijiona mtu mkubwa sana.

Baba alikufa kwa homa wakati wa mvua, mianzi ikiwa inatiririsha ulanzi kupita kiasi, mpaka watu wakasema msiba umechagua wakati mzuri maana pombe haitapungua. Namna hiyo ya kusema ilinishangaza, lakini siku ile mambo ya kushangaza yalikuwa mengi. Walininyoa nywele, wakanikalisha kwenye mkeka karibu na Bibi, wakaniambia nisicheze. Hakuna aliyeniambia kitu kingine. Kwetu mtoto msibani ni sawa na kigoda, anawekwa mahali na watu wanampita.

Ndipo akaingia Sengimba. Huyu alikuwa binti wa shangazi yake baba, na watoto wa shangazi na mjomba ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Sisi wakubwa tunalijua hilo. Mimi sikulijua. Niliona tu mwanamke mnene amevaa koti la baba yangu, amejitwika kofia ya baba yangu, anavuka uani kwa kuchechemea hasa kama baba yangu, mguu ule ule wa kushoto.

"Nyie mnalia nini?" akauliza kwa sauti nzito. "Nani kawaambia nimekufa? Nilikuwa nimelala tu. Leteni ulanzi!"

Wakampa. Akanywa, akajifuta kwa mkono wa koti, akamgeukia mama aliyekuwa amefunikwa kanga kichwani. "Na wewe mke wangu, umeshaanza kuchagua mwanaume? Chagua taratibu, usije ukapata mchechemeaji mwingine." Mabega ya mama yakatikisika. Kisha Sengimba akaniona. Aliinama, akanishika kidevu kwa vidole vilivyonuka pombe, akanigeuza uso kwenye mwanga ili watu wote waone.

"Na hiki nini? Hiki si changu! Tazameni pua hii. Kihwele gani ana pua hii? Mke wangu alikiokota Igawa, barabarani, kimo ndani ya tenga la nyanya. Lori ndilo lilikidondosha. Nilikuwa nakilisha kwa huruma tu. Sasa nimekufa, kirudisheni kwa wenyewe."

Watu wakacheka. Walicheka kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na kamasi. Mimi niliangalia uso mmoja tu, wa mama, kwa sababu yeye ndiye angejua. Kanga ilikuwa imemteremka mabegani, na mama yangu alikuwa anacheka, meno yote nje, machozi yanamwagika.

Makaburini Sengimba alishuka shimoni, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe. Bibi akatoa jogoo mwekundu. Sengimba akamkumbatia jogoo wake, akatoka, akasema, "Basi, yameisha, mzikeni." Mimi nilielewa hivi: yule mwanamke anajua siri, ameisema hadharani, na Bibi amemlipa jogoo asiendelee kuisema. Kwa akili ya mtoto, hesabu ilikubali.

Na ushahidi ulikuwepo, msinicheke. Pua yangu kweli haikufanana na ya mtu yeyote pale nyumbani. Rangi yangu ilikuwa ya maji ya kunde wakati akina Kihwele ni weusi wa kung'aa. Kila tulipokwenda Ubaruku kuwasalimia wazazi wa mama, basi lilisimama Igawa, na mama alishuka akazungumza na wauza nyanya muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kununua nyanya. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Niliikariri methali ile nikapata tiki. Sasa naona tiki ile ilikuwa ya haki.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa, wakasema mtoto ni wa ukoo, anabaki kwa baba mkubwa, yaani kaka yake baba. Niliwasikiliza nikiwahurumia. Nilifikiri wanasema hivyo kwa adabu, kwa kuwa mama yuko pale. Mama akanishika kichwa changu kilichonyolewa, akasema, "Mpunga ukivunwa nitakuja kukuchukua." Mpunga wa Ubaruku ukavunwa, ukakobolewa, ukaliwa Mbeya na Dar es Salaam, ukapandwa mwingine. Mama hakuja, wala sikumlaumu. Mtu anayefuata alichokiokota mara ya pili ni mpumbavu.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ulanzi, akilewa anaimba nyimbo za kanisani, asipolewa hasemi. Nyumba iliendeshwa na mkewe, mama mkubwa, mwanamke msafi, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mwenye mikono ya haraka. Sikuthubutu kumuuliza mtu yeyote kuhusu tenga, hasa Bibi, maana Bibi alikuwa ametoa jogoo wake. Lakini wasiwasi ulinila. Kila lori la nyanya lilipopanda kijijini kupakia, nilikimbia kujificha kwenye mianzi, nikachuchumaa pale nikisikiliza mpaka injini ipotee bondeni. Asubuhi moja tukiwa jikoni tunamenya viazi, nikashindwa kuvumilia.

"Mama mkubwa," nikasema, "wale wenyewe wa Igawa wakija kunidai, mtanitoa?"

Kisu chake kikasimama kwenye kiazi. Nilimwona akitafuta maana ya maneno yangu, nikamwona akiipata. Binti yake mkubwa, Neema, akaanza kucheka, mama yake akamkanyaga mguu. Nakumbuka kukanyaga kule kuliko kitu chochote cha mwaka ule. Neno moja lingetosha. Angesema "Wewe mtoto, ule ulikuwa utani," angeendelea kumenya viazi vyake, na mimi ningelala usingizi siku ile. Badala yake akaniangalia juu mpaka chini, kama unavyomwangalia kuku unayetaka kujua kama ataanza kutaga.

"Inategemea," akasema. "Ukiwa mtoto wa kazi, tutakuficha. Ukiwa mvivu, mimi nitakutetea vipi?"

Nikamshukuru. Nilipiga goti kabisa, nikasema asante mama mkubwa. Kuanzia siku hiyo niliamka kabla ya majogoo. Nilichota maji, nilifagia, nilipanda kwenye mianzi asubuhi na jioni kukinga ulanzi, nashusha mbeta zilizojaa, vile vikombe vya mwanzi, mikono imekufa ganzi kwa baridi ya Kilolo, huku Neema na wadogo zake wamejikunyata motoni. Nikichelewa, mama mkubwa hakuhitaji fimbo. Alisimama mlangoni tu akasema, "Nasikia kama lori," na mimi nikakimbia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu alikuwa ameifunga kwa maneno tu, ya bure. Jumapili alisimama mbele ya madhabahu akaimba sauti ya kwanza, na watu walisema ana sauti ya malaika.

Watoto wake waliniita Tenga. Kwanza nililia, kisha nikazoea, kisha, na hapa ndipo ninapojishangaa, nikalipenda. Nilikuwa nimepoteza baba, mama, nywele na jina ndani ya mvua za mwaka mmoja, na mtu hawezi kukaa bila kuwa mtu fulani. Nikaanza kujitengeneza. Nikajipa baba dereva wa lori, mtu wa maji ya kunde mwenye pua kama yangu, ambaye huko aliko anasimama kila kituo anauliza. Shuleni kulikuwa na watoto wa mwalimu mmoja kutoka Mbeya, waliokuwa wakiwatania wenzangu, "Nyie Wahehe mnakula mbwa!" Darasa zima lilinuna au lilirusha mawe. Mimi nilikaa pembeni nikitabasamu. "Sio mimi," niliwaambia. "Mimi ni wa barabarani." Mwalimu alipoita jina langu kwenye mahudhurio, niliitikia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayemwitikia mwenzake aliyetoka nje. Bibi naye aliendelea na "Kamwene, Sekihwele" yake. Nilimwitikia kwa huruma tu, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Halafu siku moja simu ya baba mkubwa ikalia, na ilikuwa mama. Alikuwa ameolewa tena huko Ubaruku na mwanaume mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa amejifungua, anahitaji mtu wa kumsaidia kulea mtoto. "Mleteni," alisema. Mama mkubwa alinuna siku nzima kwa kupoteza mkingaji wa ulanzi. Hata hivyo aliniogesha vizuri, akanipaka mafuta mpaka miguuni, kwa sababu mtoto wa ndugu akienda ugenini kapauka, aibu ni yako. Baba mkubwa akanipeleka Iringa mjini, akanikabidhi kwa kondakta wa basi la Mbeya. Sikuelewa naenda wapi hasa mpaka basi liliposimama na kondakta akapiga ubavu wa basi kwa kiganja.

"Igawa! Mtoto wa Igawa, shuka!"

Basi wamenirudisha, nikafikiri. Nilishuka na kifurushi changu, basi likaondoka, na mbele yangu kulikuwa na matenga ya nyanya yamepangwa juu kuliko kichwa changu, na ile harufu. Mama hakuwepo. Nikasimama pale nikitafuta pua. Nilipita meza baada ya meza nikiwachungulia wanawake usoni, mpaka nikamwona mmoja wa maji ya kunde, anafuta nyanya kwa kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza kama hakuwahi kupoteza mtoto.

"Mtoto gani?"

"Mdogo. Alikuwa ndani ya tenga. Lori lilimdondosha."

Aliniangalia, kisha akapasuka kwa kicheko. "Mama Tumaini! Njooni, mwenye mtoto aliyepotea aje achukue!" Wakaja, wanawake wenye njaa ya kichekesho. Mmoja akanifunua midomo kutazama meno. "Huyu si wangu, wangu alikuwa mnene." Mwingine akasema, "Muulize anajua kufua, akijua ni wangu." Niligeuzwa huku na huku, na kwa kila mmoja aliyenikana kitu kilinidondoka ndani, maana niliwauliza kwa dhati na nilisubiri jibu kwa dhati. Hapo ndipo bodaboda ikasimama, na mama yangu akashuka, mtoto mchanga mgongoni.

"Na huyo ni wangu!" akasema. "Mnamfanyia nini?"

"Anasema aliokotwa hapa," wakamwambia.

"Aliokotwa na nani?"

"Na wewe," nikasema. "Baba alisema. Msibani."

Mama akaniangalia asielewe, kisha akashika mdomo. "Sengimba! Yesu wangu, Sengimba!" Akacheka mpaka mtoto akayumba mgongoni, akachuchumaa palepale kwenye maganda na matope, akanishika mashavu. "Wewe mtoto! Ule ulikuwa utani! Nilikuzaa mwenyewe, kwa uchungu wangu. Baba yako alikaa nje ya wodi kutwa nzima, mvua inamnyeshea, na mguu wake ule. Pua hii ni ya mama yangu. Miguu hii ni ya baba yako. Wewe ni Sekihwele."

"Mbona ulicheka?"

"Mtani akikukana, unacheka. Anakukana kwa sababu wewe ni wake. Asiyekuwa wako utamtania nini?"

Sijui kama nitaweza kuwaeleza. Nililia, nikacheka, nikajisaidia kidogo kwenye nguo yangu safi. Tukapanda bodaboda, mama nyuma, mimi katikati, na njia nzima ya kuelekea Ubaruku, mashamba ya mpunga yakiwa kijani pande zote mbili, nilirudisha vitu mahali pake kimoja kimoja. Baba alikuwa baba yangu. Alinyeshewa kwa ajili yangu. Mianzi ya Kilolo ilikuwa yangu, Bibi alikuwa wangu, hata wale mbwa nilikuwa tayari kukubali tumewala. Nilimchukia mama mkubwa kwa furaha, kama mtu mwenye haki ya kuchukia. Sijawahi tena kuwa na utajiri kama ule.

Tuliposhuka, kabla ya kufika nyumbani kwake, mama alinivuta pembeni ya ukuta wa mashine ya kukoboa. Pumba zilikuwa zinaruka hewani. Alinikung'uta vumbi, akaniweka sawa kola.

"Hapa ndani," akasema, "utaniita mama mdogo. Umesikia?"

Nikamtazama, nikaanza kucheka. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, somo nilikuwa nimelipata muda mfupi tu uliopita. "Nimesikia, mama mdogo!" nikasema, nikamkonyeza. Yeye hakucheka, lakini hata Sengimba hakucheka alipokuwa anasema.

Ndani alikuwepo mama mkwe wake, bibi mmoja mkavu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, na mume wake mwenye vumbi la pumba kwenye nyusi. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa mkubwa, kwamba mama alipotaka kuolewa pale aliulizwa kama ana mtoto tayari, na akasema hana. Siku ile niliona tu watu wawili wanaonitazama, na nilijua sasa zamu yangu ya kuchekwa imefika na safari hii nitacheka pamoja nao.

"Huyu ndiye binti uliyesema?" bibi akauliza. "Wa nani?"

"Wa marehemu dada yangu," mama akasema. "Hana mtu. Nimemchukua kwa huruma."

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, meno yote nje, nikimwangalia yeye, halafu bibi, halafu yule mwanaume, nikisubiri waanze. Hawakuanza. Nikafikiri labda wanahitaji msaada, nikasema, "Niliokotwa Igawa! Kwenye tenga la nyanya!" Nikacheka tena, peke yangu, mpaka kicheko chenyewe kikaona haya kikakaa kimya. Nje mashine ilikuwa inakoboa.

"Anacheka nini huyu?" bibi akauliza.

"Ndivyo alivyo," mama akasema. "Tangu mama yake afe, akili imeyumba kidogo."

"Maskini," akasema bibi, na alimaanisha.

Walinipa wali. Niliula wote. Kisha mama akaniita jikoni kuosha vyombo, nami nikasubiri mpaka tukawa wawili tu, nikamsogelea na kumnong'oneza, "Mama, utani umeisha?"

Alichungulia mlangoni kwanza. Akarudi, akanishika sikio, hakulivuta, alilishika tu kama unavyoshika mpini.

"Mama yako nani?" akauliza.

"Wewe."

Sasa akalisokota. "Mama yako nani?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Nilitafuta kwa bidii, kwenye macho, kwenye pembe za mdomo, hata kwenye mabega. Alikuwa anaogopa, mama yangu, aliogopa kuliko mimi.

"Marehemu dada yako," nikasema.

"Vizuri," akasema. Akamfungua mtoto wake mgongoni, akamweka mgongoni kwangu, akakaza kanga kwa mikono miwili, akaniambia nitoke nje nimbembeleze asilie.